Mtoto kaangukia mbuzi ya nazi, kafyu saa moja: tulivyozungushwa mpaka akashonwa nje kwenye benchi

Mleta uzi (Likoni, Mombasa)

Assalam aleikum wadau, na msiofunga salamu zenu pia. Idd imepita, nimepata nafasi ya kukaa chini, nikaona hili nisiliache likapita hivi hivi. Watoto wako nyumbani kwa ajili ya korona tangu shule zifungwe tarehe 16 Machi 2020, na mtoto aliyefungiwa ndani hakosi kuumia. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Ilikuwa wiki moja baada ya Mji wa Kale wa Mombasa kufungwa watu wasiingie wala wasitoke, Ramadhani kumi la pili linaishia. Saa kumi na robo jioni niko uani nakuna nazi ya mihogo ya futari. Nikainuka kwenda kupunguza moto, mbuzi nikaiacha pale pale chini, meno yameangalia juu. Mwanangu ana miaka sita na nusu. Alikuwa akikimbizana na binamu yake, akajikwaa kwenye mkeka, akaenda uso kwa uso na lile chuma. Nilisikia kibao kikigonga sakafu kwanza, kilio kikaja baadaye.

Damu ilitapakaa uso mzima, wallahi nilidhani jicho limekwenda. Nilipomfuta ndipo nikaona jicho ni zima. Jeraha lilikuwa juu ya nyusi ya kushoto, refu kama pingili ya kidole changu, limeachama mdomo, na ndani zimenasa chembe nyeupe za nazi. Hizo chembe sitazisahau. Nikavuta leso safi iliyokuwa kwenye kamba, nikaikunja, nikamkandamiza. Jirani mmoja akaja na kahawa ya unga, mwingine akasema mafuta ya taa. Walikuwa wananitakia heri, ndivyo tulivyolelewa sote, lakini nikakataa. Jeraha lililo karibu na jicho la mtoto sikuthubutu kulitia chochote.

Sasa hapa ndipo nataka mnisome vizuri: sikutoka mara moja. Nilikaa nyumbani karibu saa nzima nimemshika mtoto, nazungumza na nafsi yangu. Maneno ya mtaani yalikuwa kwamba ukifika hospitali na mtoto akakutwa na joto, mnabebwa wote karantini siku 14. Nina mwengine wa miezi minane, bado ananyonya. Nikajiambia damu imepungua, labda litafunga lenyewe. Nikampigia dadangu, yeye yuko Mji wa Kale, hawezi kutoka wala mimi siwezi kuingia. Akanambia, "Wewe, huyo mtoto ni wa kushonwa, unangoja nini?" Akanitumia elfu moja kwa M-Pesa, maana mwaka huo wa 2020 kutuma mpaka 1,000 kulikuwa hakukatwi, nikajumlisha na zilizokuwepo ndani nikatoka. Mdogo nikamwachia mama mkwe.

Bodaboda wa kwanza alikataa. "Mama, ruhusa ni abiria mmoja, na nyinyi mko wawili." Nikapata tuktuk.

Zahanati tunayoizoea tulikuta imefungwa. Mlinzi akasema muuguzi amehamishwa kwenda kusaidia kwenye mambo ya korona. Tukaenda kliniki ya binafsi, siitaji jina. Getini kuna ndoo ya kunawia na kijana mwenye kile kibunduki cha kupimia joto. Akakielekeza kwenye paji la uso la mtoto, kando kidogo ya leso yenye damu: 37.9. Akarudi nyuma hatua mbili. "Ana homa. Hapa hatupokei homa." Nikamwambia mtoto amelia saa nzima, ametoka juani, hana kikohozi wala mafua, mtazame tu hili jeraha. Akaingia ndani, akatoka: "Wanasema mpeleke wanakopokea washukiwa." Mshukiwa, mtoto wa miaka sita aliyeangukia mbuzi. Hakuna aliyetoka kumtupia hata jicho. Geti likarudishwa, na ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Kafyu saa moja.

Nililia pale barabarani, sioni haya kusema.

Dereva wa tuktuk ndiye aliyetuokoa. Alikuwa anamjua tabibu mmoja mwenye kijichumba cha matibabu huko ndani ndani, nyuma ya msikiti. Tulipofika, yule tabibu hakutuingiza ndani. Alitoa benchi akaliweka chini ya mwarobaini, akamkalisha mtoto kivulini, akaniuliza maswali yote kwa umbali: anakohoa? Nyumbani kuna mgonjwa? Kuna aliyetoka safari? Akangoja kama dakika kumi na tano, akapima joto tena: 37.1. Kisha akanambia neno ambalo ndilo lililonifanya nianzishe uzi huu: "Mama, hata ingekuwa 39 ningemshona. Ningeongeza tu vya kuvaa."

Alilisafisha lile jeraha muda mrefu kuliko alivyolishona. Alikuwa akivuta maji ya chumvi kwa bomba la sindano na kuyarusha ndani, chembe za nazi zikawa zinatoka moja moja zinateremka shavuni. Nikamuuliza mbona hanyoi nyusi kwanza. Akasema nyusi hainyolewi, hizo nywele ndizo zinazomwonyesha kingo zikutane wapi, na zikinyolewa huenda zisirudi vizuri. Tukamviringa mtoto kwa leso mikono ikiwa ndani, kama anavyofungwa mtoto mchanga, nikamshika kichwa. Sindano ya ganzi ndiyo aliyolilia. Baada ya hapo tabibu akamwambia, "Nitajie feri zote unazozijua." Akaanza: Kwale, Likoni, Nyayo, Harambee, Kilindini. Zikiisha anarudia. Nyuzi nne ziliingia yeye yuko Kilindini mara ya tatu.

Adhana ya magharibi ilitukuta pale pale. Dereva akatoa tende mfukoni, akanipa moja na maji, nikafungua.

Akachomwa pia sindano ya pepopunda, kwa sababu chanjo zake za mwisho ni zile za uchanga, zimeshapita miaka mitano, na chuma cha mbuzi si kisafi. Jumla nililipa 1,500, na ndani yake mlikuwa na 300 za glavu na barakoa. Tulifika nyumbani saa moja kasoro dakika tano, dereva akakimbia kwake. Siku ya tano nyuzi zilitolewa.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Jeraha dogo nalo lina saa zake, halingoji korona iishe. Sisi wazazi tunaliogopa geti, na geti linatuogopa sisi, mtoto yuko katikati anavuja damu. Naomba tuzungumze: nyinyi mmefanyaje? Na wenye taaluma humu, tuambieni lipi la kukimbilia na lipi linaweza kungoja.

Mdau (Dar es Salaam)

Pole sana dada, na pole ya mtoto. Huku kwetu hakuna kafyu, lakini kuna nyungu. Mwezi uliopita tulikuwa tunajifukiza nyumba nzima, sufuria katikati, blanketi juu. Binti yangu wa miaka minne akasogeza mguu, maji ya mwarobaini na malimao yakammwagikia pajani. Bibi yake akapaka dawa ya meno, shangazi akaongeza ute wa yai. Hospitali tuliyoizoea ilikuwa imetengwa kwa wagonjwa wa korona, hivyo tukakaa naye siku mbili nyumbani kwa woga. Tulipokwenda kwingine, nesi alitumia muda mrefu kuibandua ile dawa ya meno iliyokauka juu ya malengelenge. Mtoto alipiga kelele ambazo mpaka leo zinaniamsha. Amepona, lakini kaachiwa baka kubwa kama kiganja changu. Sijui ingekuwaje tungekwenda siku ile ile. Wenye watoto, tafadhali, sufuria ya nyungu na mtoto visikae chini ya blanketi moja.

Mdau (Kisauni)

Dada nimekusoma mpaka mwisho na nakupa pole, ila huyo kijana wa getini usimhukumu sana. Mke wangu ni muuguzi. Barakoa moja anavaa zamu nzima, glavu zinahesabiwa. Akirudi nyumbani anavua nguo uani, watoto hawamkaribii mpaka aoge. Siku moja waliingiziwa mgonjwa aliyesema ameumia mguu tu, baadaye ikajulikana ana korona, wauguzi sita wakawekwa karantini na wodi ikakosa watu. Kile kibunduki ndicho kinga pekee waliyonayo. Mwenye kukataza homa hafanyi hivyo kwa roho mbaya.

Mleta uzi

Kakangu, nakuelewa, na mkeo Mungu amlinde, naandika hivi kwa dhati. Hata mimi sitaki muuguzi augue kwa sababu ya nyusi ya mwanangu. Lakini tazama alichofanya yule tabibu. Yeye naye hakuturuhusu ndani. Alipima, aliuliza, alikaa mbali, alivaa, alifanya kazi nje penye upepo. Tahadhari zote unazozitaja alizichukua. Tofauti yake na wale wa getini ni kwamba yeye alitoka na benchi, wao wakarudisha geti. Kliniki ile ina uwanja mpana na mti mkubwa kuliko ule mwarobaini. Sikuomba kitanda, niliomba mtu mmoja aliyesomea atazame aniambie hili linangoja au halingoji. Hata kama jawabu ni "nenda kwingine", liwe limetoka kwa aliyeona jeraha.

Mdau (Kisauni)

Hapo nakubali. Nitamsomea mke wangu hiyo ya benchi.

Muuguzi (Tanga)

Mleta uzi, asante. Nimefanya kazi chumba cha majeraha miaka mingi, nitaandika ninayoyajua, mwenye swali aulize.

Kidonda kibichi kinachotoka damu: kandamiza kwa kitambaa safi dakika kumi hadi kumi na tano ukitazama saa, na usichungulie. Wazazi wengi wanafunua kila dakika, damu iliyoanza kuganda inabanduka, kisha wanasema haikatiki. Ikikatika, osha kwa maji mengi yanayotiririka. Maji safi ya bomba yanatosha. Spiriti usiimimine ndani ya kidonda, inaunguza nyama ambayo ndiyo itakayofunga.

Cha kushonwa utakijua: kimeachama, kingo hazikutani zenyewe, au kipo juu ya kiungo, au usoni, au ndani unaona mafuta ya njano. Hivi vinatakiwa kufungwa mapema, ndani ya saa chache. Uso una damu nyingi inayozunguka kwa hiyo unavumilia zaidi, hata kesho yake bado hushonwa. Kikikaa siku nzima au zaidi sehemu nyingine za mwili, mara nyingi tunaogopa kukifunga kwa sababu tutafungia uchafu ndani, basi kinaachwa kipone chenyewe taratibu na kovu linakuwa pana. Ndiyo maana mleta uzi anasema lina saa zake, na amesema kweli.

Pepopunda: mtoto wa kwetu na wa Kenya hupata penta, chanjo ya pamoja ambayo ndani yake imo ya pepopunda, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kidonda kichafu, na dozi ya mwisho imepita miaka mitano, anachomwa nyingine. Bebeni kile kijitabu cha kliniki hata kama mtoto ameshaanza shule. Nusu ya muda wetu tunaupoteza kumuuliza mama mtoto alichanjwa lini, na mama amechanganyikiwa hakumbuki.

Kuungua: maji ya kawaida ya bomba, yakitiririka dakika 20, hata kama mtoto analia. Usitumie barafu. Kisha funika kwa kitambaa safi kisichonata, nenda. Mdau wa Dar, ninyi si wa kwanza, dawa ya meno naiona kila wiki.

Kuna vitu viwili naomba visihesabiwe kuwa vidogo hata siku moja. Cha kwanza ni kuumwa na mbwa, hata kama ni mkwaruzo. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, maana dalili zikishatokea hakuna tena la kufanya. Cha pili ni kichwa. Mtoto akianguka, akalia, akanyamaza, akacheza, mwangalie tu. Lakini akitapika tena na tena, au akalala usingizi usioamshika, au anaongea visivyoeleweka, au maji maji yanatoka puani au sikioni, toka naye saa hiyo hiyo, kafyu au si kafyu.

Jingine: aende mzazi mmoja tu. Naona familia zinakuja watu watano na mtoto mmoja, halafu wanashangaa kuzuiwa.

Mdau (Leicester, Uingereza)

Msidhani woga huu ni wa kwetu Waswahili peke yetu. Huku mwezi wa nne mwaka 2020 waliofika idara za dharura England nzima walikuwa kama 917,000, na mwezi huo huo mwaka 2019 walizidi 2,100,000. Watu hawakuacha kuumia, waliogopa kwenda. Mwanangu alibanwa kidole na mlango, nikapiga 111, namba ya huku ya ushauri wa afya, daktari akataka picha kwa simu, akaniambia nimlete saa fulani kupitia mlango wa pembeni. Ukucha ulitoka lakini mfupa ulikuwa mzima. Hilo la picha kwa simu hata huko linawezekana, wengi tuna WhatsApp. Kama kila kliniki ingebandika namba moja getini, yule kijana wa getini asingelazimika kuwa daktari.

Mleta uzi

Hii ya picha nimeipenda mno. Nimemtumia yule tabibu, amejibu namba yake iko wazi mpaka saa nne usiku.

Mama (Ukunda, Kwale)

Samahanini naingilia. Nimekuwa nikisoma uzi huu tangu jana na sasa yamenifika. Ni saa mbili usiku, kafyu imeshaanza. Kijana wangu wa miaka tisa kakatwa na chupa kiganjani, chini ya kidole gumba. Damu nyingi. Mume wangu yuko Nairobi, hawezi kurudi. Nifanyeje?

Muuguzi (Tanga)

Mama niko hapa. Kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu, mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo. Dakika kumi na tano, weka simu ikuhesabie. Usifunue. Ukimaliza niandikie.

Mleta uzi

Dadangu niko nawe. Mkalishe chini, mwambie akutajie chochote anachokijua kwa mpangilio, timu, sura, madarasa. Inasaidia.

Mama (Ukunda, Kwale)

Dakika zimeisha. Damu imesimama, inatoka jasho jasho tu.

Muuguzi (Tanga)

Vizuri sana. Sasa mwambie akunje na kukunjua kidole gumba, halafu vidole vingine kimoja kimoja. Kisha afumbe macho, mguse ncha ya kila kidole kwa unyoya au ncha ya leso, akwambie unagusa kipi.

Mama (Ukunda, Kwale)

Vinakunja vyote. Amevijua vyote. Gumba linamuuma akikunja lakini linakwenda.

Muuguzi (Tanga)

Alhamdulillahi. Hiyo inaweza kungoja alfajiri. Osha kwa maji ya bomba yanayotiririka, ukiona kipande cha chupa kimekaa juu juu kitoe, kilichozama usichokonoe. Funika kwa kitambaa safi, funga kiasi, vidole visiwe baridi wala vya bluu. Alale mkono ukiwa juu ya mto. Kafyu ikiisha saa kumi na moja uwe mlangoni kwako na kijitabu chake. Na mwambie atakayemhudumia kwamba ilikuwa chupa, mwambie hata kama hajauliza. Damu ikirudi usiku na dakika kumi na tano zisiikate, usingoje asubuhi, mgongee mzee wa mtaa utoke naye.

Mama (Ukunda, Kwale)

Nimeshika. Sitalala.

Mdau (Kisauni)

Mke wangu yuko zamu usiku huu, nimempa habari. Anasema ukikwama niandikie hapa, atapokea simu.

Mama (Ukunda, Kwale)

Habari za asubuhi. Tumerudi sasa hivi, saa tatu kasorobo. Tulikuwa wa pili kwenye foleni. Joto 36.4, wakatuonyesha pa kukaa nje chini ya turubai. Niliwaambia ni chupa, daktari akatafuta akapata kipande kidogo kama punje ya mchele, kimejificha upande wa gumba. Akanionyesha kwenye chachi. Nyuzi tatu, na sindano ya pepopunda kwa sababu kijitabu nilikuwa nacho. Kuzitoa ni baada ya siku kumi, kwa kuwa ni mkononi, na mpaka wakati huo haruhusiwi kuulowesha.

Muuguzi, sijui niseme nini. Sasa amelala, mkono uko juu ya mto kama ulivyosema.